Homa au jua? Kusoma joto la mwili kwa kufuata kemikali za ubongo

Kabla mvua hazijashuka Dodoma, Oktoba na Novemba, wagonjwa wawili wanaweza kufikishwa zahanati moja wote wana nyuzi 40. Mmoja ana malaria. Mwingine katolewa shamba la zabibu Hombolo saa nane mchana. Paracetamol itampunguzia joto wa kwanza. Wa pili haitamsaidia kitu, na ukikaa kuisubiri ifanye kazi unaweza kumpoteza. Tofauti yao imo kwenye kemikali za ubongo na vipokezi vyake, yaani sehemu za seli ambazo kemikali hizo hushika, na ukifuata hatua hizi utaiona kwa macho.

Hatua ya 1: Pima sawasawa

Futa jasho kwapani kwanza. Ncha ya kipimajoto ikae katikati ya kwapa, mkono ubanwe kifuani mpaka kilie; cha zebaki kiache dakika 5. Kwapani, 37.5 na kuendelea ni homa. Kwapa husoma chini ya joto la ndani kwa takriban nusu nyuzi, na kwa aliyezidiwa na jua pengo linaweza kuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo akiwa amechanganyikiwa, usitulizwe na 39 ya kwapani.

Hatua ya 2: Jiulize nani kapandisha joto

Hapa ndipo penye somo lenyewe, msipapite haraka. Haipothalamasi, iliyoko chini ya ubongo, hulinda joto karibu na nyuzi 37. Vijidudu vikiingia, seli za kinga hutoa kemikali kama interlukini-1 na interlukini-6. Hizo huziamsha seli za kuta za mishipa ya damu ya ubongo zitengeneze kimeng'enya cha COX-2, nacho huzalisha prostaglandini E2. Prostaglandini hushika vipokezi vya EP3 kwenye seli za neva za haipothalamasi ambazo kazi yake ya kila siku ni kuuzuia mwili usizalishe joto kupita kiasi. Zikishikwa, zinanyamaza, kizuizi kinaondoka. Ubongo sasa unataka 39, na hiyo 37 unaiona ni baridi.

Mtazame mtoto ambaye homa yake inapanda: anajikunja, anatetemeka, anavuta khanga ya mama yake. Tumbo linawaka lakini nyayo na vidole ni vya baridi. Noradrenalini, kemikali ya neva, imeshika vipokezi vya alfa-1 kwenye mishipa ya ngozi, mishipa imejibana, damu imerudi ndani. Homa ikianza kushuka, mishipa hufunguka na jasho linamwagika.

Aliyezidiwa na jua hatetemeki wala haombi shuka. Kiwango chake hakijaguswa. Ubongo bado unataka 37 ila mwili umeshindwa kulitoa joto. Homa ni pasi ya umeme ambayo mtu kazungusha kitufe chake; huyu wa jua ni pasi hiyohiyo iliyoachwa juu ya mkaa, kitufe kikiwa palepale.

Hatua ya 3: Kama ni homa

Paracetamol na ibuprofen huzuia prostaglandini isitengenezwe, kiwango kikarudi chini. Ni njia ileile ambayo John Vane aliionyesha kwa aspirini mwaka 1971. Kipimo cha paracetamol kwa mtoto ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180; kwa sirapu ya miligramu 120 kwenye mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Tumia bomba la sindano au kikombe cha dawa, vijiko vya chai havilingani. Mtoto asipewe aspirini. Na kushuka kwa homa si kupona: kipimo cha malaria kifanywe.

Hatua ya 4: Kama ni jua

Mpooze hapohapo kabla ya kutafuta usafiri. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu bila kuacha, hata ndani ya gari. Lita 1 ya maji ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na takriban kilokalori 580 za joto, na hewa kavu ya Dodoma hukausha upesi. Kosa linalofanyika sana ni kumfunika blanketi lililoloa: halipitishi upepo, joto linabaki ndani. Kama hajitambui, asinyweshwe chochote. Joto la ndani, si la kwapani, likifika 39, acha kumwagia.

Hatua ya 5: Uliza dawa anazomeza

Jasho hutoka pale asetilikolini, kemikali nyingine ya neva, inaposhika vipokezi vya M3 kwenye tezi. Amitriptyline, promethazine, chlorpromazine na benzhexol huviziba. Dalili ni ngozi kavu ya moto, mdomo mkavu, mboni zilizotanuka na mkojo kugoma. Anayezitumia asiziache ghafla, bali akwepe kazi ya juani saa sita hadi saa kumi, na amweleze daktari wake.

Maswali (kwa wilaya ya muulizaji)

*Kondoa:* Shikamoo dokta. Mjomba anatumia haloperidol, sasa ana homa siku ya pili na mwili umekakamaa. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Tumpe paracetamol?

*Jibu:* Marahaba. Hapana, mpelekeni hospitali leo, na msimpe dozi inayofuata kabla daktari hajamwona. Haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, huziba vipokezi vya D2 vya dopamini, kemikali ya ubongo, na homa ikija pamoja na kukakamaa na jasho jingi, huenda dawa ndiyo chanzo. Bebeni paketi zote za dawa zake.

*Mpwapwa:* Na anayetumia fluoxetine akiongezewa tramadol ya maumivu?

*Jibu:* Hiyo ni hatari nyingine: fluoxetine, dawa ya sonona, pamoja na tramadol hufanya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, izidi. Huanza ndani ya saa chache, tofauti na ile ya haloperidol inayojengeka kwa siku kadhaa. Huyu anahangaika, anaharisha, miguu inarukaruka ukikunja kifundo ghafla. Naye ni wa hospitali mara moja. Mwuza dawa aambiwe kuhusu fluoxetine kabla hajatoa tramadol.

*Chamwino:* Mwalimu, mtoto akipakwa dawa ya menthol anasema anasikia baridi. Si inashusha homa?

*Jibu:* Haishushi. Menthol hushika vipokezi vya TRPM8, vilevile vinavyoamshwa na baridi ya kweli, basi ubongo unapokea taarifa ya baridi wakati joto liko palepale. Unaweza hata kujibu kwa kubana mishipa ya ngozi. Mtoto aliye chini ya miaka 2 asipakwe kabisa. Mpime tena baada ya dakika 30 utaona namba haijasogea.