Kuandaa kivutio cha utalii kinachodumu: kikomo kwanza, tangazo baadaye

Vikundi vingi vinavyotaka kufungua kivutio huanza na swali moja: tutajitangazaje? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Siku wageni 300 wakifika kwa mpigo, wataegesha wapi magari, watajisaidia wapi, na fedha watakazolipa zitaishia mikononi mwa nani? Pasipo majibu hayo, tangazo zuri litaharakisha uharibifu tu. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoutumia kazini, iwe kivutio ni maporomoko, msitu, ufukwe au mji mkongwe.

Hatua ya 1: Chora ramani pamoja na wenyeji

Waite wote wanaolitumia eneo: wavuvi, wakulima, wanaochota maji, wazee, vijana, wenye nyumba za kulala wageni. Tandaza karatasi kubwa, chora eneo lote, kisha tumia rangi tatu. Kijani ni pale mgeni anapokaribishwa. Njano ni pale anapoingia akiwa na mtembezaji, au kwa msimu fulani tu. Nyekundu ni marufuku: makaburi, mahali pa ibada, mazalia ya ndege na samaki, chanzo cha maji ya kunywa.

Usitegemee kikao kimoja. Wapo wasiofungua kinywa mbele ya viongozi, na mara nyingi hao ndio wanaojua mgogoro wa mpaka ulipo. Wafuate majumbani, uwasikilize. Umiliki wa ardhi na vibali vimalizwe kwa maandishi katika hatua hii hii, kabla hata jiwe moja halijawekwa.

Hatua ya 2: Hesabu kikomo cha wageni

Hapa ndipo watu wengi huruka, na hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu zaidi. Mbinu ninayoifuata ilichapishwa mwaka 1992 na Miguel Cifuentes, aliyewahi kuisimamia Hifadhi ya Taifa ya Galápagos, visiwa vya Ecuador. Haihitaji kompyuta.

Tuseme una njia ya miguu ya mita 1,100, ya kuzunguka na kurudi pale pale, na wote wanatembea kuelekea upande mmoja. Kundi la watu 10 linachukua mita 10, na unataka mita 100 kati ya kundi na kundi ili kila moja lisikie ndege badala ya kelele za wenzao. Kila kundi basi linahitaji mita 110, kwa hiyo makundi 10 yanaenea njiani kwa wakati mmoja, yaani watu 100. Mzunguko ni saa 1, na unafungua saa 8 kwa siku. Hapo unapata 800.

Usiishike namba hiyo, maana hiyo ni nafasi tupu. Anza kupunguza. Kama njia ni tope miezi 3 kwa mwaka, toa robo: zinabaki 600. Kama asilimia 30 ya njia iko kwenye mteremko unaomomonyoka, toa hizo nazo: 420. Sasa angalia watu wako. Una watembezaji 4, kila mmoja anaweza mizunguko 3 kwa siku bila kuchoka na kuanza kusema ovyo, kila mzunguko watu 10. Jibu ni 120. Hicho ndicho kikomo chako cha leo. Ukiajiri watembezaji zaidi kitapanda, lakini kisivuke 420.

Namba hiyo ikibandikwa getini bila kusimamiwa haina kazi. Kwa sokwe wa milimani nchini Uganda na Rwanda, familia moja ya sokwe hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa 1, na aliyekosa nafasi hurudi siku nyingine hata kama ametoka mbali. Ghuba ya Maya nchini Thailand ilichelewa kujiwekea mpaka. Boti na maelfu ya wageni wa kila siku waliharibu matumbawe, ghuba ikafungwa Juni 2018 na ikaja kufunguliwa Januari 2022. Boti sasa haziingii tena ghubani. Hutia nanga upande wa pili wa kisiwa. Wakati wa kufungwa, papa walionekana tena katika maji yale. Ni habari ya kutia moyo, ila fikiria walioishi kwa kuendesha boti kwenda pale katika miaka yote hiyo ya kufungwa.

Hatua ya 3: Fuata fedha ya mgeni mmoja

Chukua mgeni mmoja na ugawe alicholipa kwa mia. Mathalani: malazi 45, usafiri 25, chakula 20, kiingilio na mtembezaji 10. Kisha uliza kwa kila fungu: nani amepokea? Ikiwa hoteli ni ya mtu wa mbali, gari limetoka mjini na vyakula vimenunuliwa jumla huko huko, basi wenyeji wamebakiwa na 10 na mishahara michache. Hali hii huitwa uvujaji wa mapato.

Usijaribu kuziba matundu yote. Anza na jiko, kwa kuwa ndilo rahisi. Mwombe mpishi akupe orodha ya anachonunua kila wiki na kiasi chake, kisha kaa na wakulima mpange nani ataleta nini na siku gani, wakiuza kama kikundi kimoja. Ugumu hujitokeza kwenye malipo. Hoteli zimezoea kulipa baada ya mwezi au miwili, na mkulima mdogo hawezi kungoja. Wiki ya tatu atauza kwingine na mpishi atarudi mjini. Kubalianeni malipo ndani ya siku 7, au kikundi kiwe na mfuko mdogo wa kumlipa mkulima papo hapo wakati hoteli inasubiriwa. Nimeona mpango huu ukishikilia pale tu malipo yalipowahi.

Kuhusu kiingilio, andikeni mgao kabla ya kuuza tiketi ya kwanza. Sheria ya Uganda inatenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa jamii zinazopakana nazo. Rwanda ilianza na asilimia 5 ya mapato ya hifadhi mwaka 2005, ikapandisha hadi 10 mwaka 2017. Kiwango chenu mtakijua wenyewe. La msingi ni kila mwezi karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe mahali ambapo hata asiye mjumbe wa kamati ataisoma.

Hatua ya 4: Vyoo, maji na taka

Vijengwe kabla ya mgeni wa kwanza. Pasipo na maji ya kutosha, weka vyoo vya mboji na kuvuna maji ya mvua. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kinaendesha nyumba zake za wageni kwa njia hizo. Kwa taka, afadhali mgeni aondoke na zake kuliko kuweka mapipa yasiyo na wa kuyamwaga.

Hatua ya 5: Kanuni na watembezaji

Kanuni zisizidi 6, na kila moja iwe na sababu yake. "Usiguse matumbawe" husahaulika. "Ukigusa tumbawe unaua viumbe waliochukua miaka kulijenga" hukaa kichwani. Palau, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, tangu Desemba 2017 inampa mgeni ahadi ya kutunza mazingira iliyogongwa muhuri kwenye pasipoti, naye huitia saini kabla ya kuingia. Ninyi mnaweza kuweka sahihi kama hiyo kwenye daftari la wageni. Watembezaji nao wapewe mamlaka ya kumrudisha mgeni anayekaidi, na uongozi usiwageuke anapolalamika.

Hatua ya 6: Sasa jitangazeni

Anza na walio karibu: shule, vyuo, familia za mji wa jirani. Hawa huja hata msimu wa wageni wa mbali unapokatika. Fungua ukurasa wa kivutio kwenye ramani za Google, hakikisha alama imewekwa getini na si katikati ya msitu, kisha andika saa za kufungua, kiingilio, hali ya barabara na namba ya kuweka nafasi. Maelezo haya ya kawaida huleta wageni kuliko kauli za "paradiso iliyofichika".

Piga picha za kile mgeni atakachokiona kweli, kwa msimu wake. Picha ya maporomoko yaliyojaa, ikitumika kiangazi, huleta malalamiko. Chochote kilichopakwa nyekundu kwenye ramani yenu kisipigwe picha, na mwongozeni mgeni azime utambulisho wa mahali anaporusha picha za viota au mazalia.

Mitandao ya kuuzia malazi ni mizuri kwa kuanza kujulikana, ila hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi. Mgeni akishafika, mpe namba yenu ili safari ijayo aweke nafasi moja kwa moja. Na siku zikijaa, liambieni tangazo lenyewe liseme: "Jumamosi zimejaa, Jumanne kuna nafasi." Hiyo ndiyo njia rahisi zaidi ya kusambaza watu.

Hatua ya 7: Pima kila baada ya miezi mitatu

Vitu vinne vinatosha: idadi ya wageni kwa siku, upana wa njia katika sehemu zile zile tatu (njia inayopanuka ina watu wengi mno), fedha zilizobaki kwa wenyeji, na hisia za wenyeji. Hili la mwisho lina kipimo chake. Mwaka 1975 George Doxey alieleza kwamba wenyeji hupitia bashasha, kisha mazoea, kisha kero, mwisho uhasama. Waulizeni watu wa kaya zile zile kila mara, pamoja na zisizopata chochote kutokana na utalii. Majibu ya kero yakianza kuongezeka, punguzeni kikomo na msimamishe matangazo hadi robo inayofuata, hata kama nafasi zinaombwa. Wanaotaka viwango vya kujilinganisha navyo wapakue vigezo vya maeneo ya utalii vya GSTC (baraza la kimataifa la utalii endelevu), toleo la 2019. Vinapatikana bure, na sehemu ya usimamizi ndiyo ya kusomwa kwanza.