Mbuzi Asiyekula Majani

Ami yangu ana karakana ya nakshi hapa Langoni, Lamu, nami ndiye ninayemshikia ukurasa wa duka kwenye Google. Huko ndani kuna sehemu inayoonyesha maneno ambayo watu waliandika wakitafuta hadi wakatuona. Mwezi uliopita nilikuta hili: "mbuzi lamu kukunja bei 2 nairobi". Nikamsomea ami. Hakuinua hata macho kwenye patasi. "Wambie sisi si wafugaji."

Lakini huyo hakutaka nyama. Ukikutana na maneno ya namna hii, usiyasome kama sentensi. Mtu akitafuta kitu kwenye simu huacha vile vineno vidogo, wa, ya, za, na kwa Kiswahili humo ndimo siri ilimo. Mbuzi wa yuko zizini, mbuzi ya iko jikoni. Akishaviacha, wewe huna njia ila kutafuta lile neno moja linalokataa kukaa na wenzake. Hapa ni "kukunja". Mbuzi wa kuchinja hakunjwi, ila mbuzi ya kukunia nazi hukunjwa: vibao viwili vinapishana, unavifungua unakalia, ule ulimi wa chuma wenye meno umejitokeza mbele, na ukimaliza unaifunga unaiegemeza ukutani. Ukishapata hapo, "2" ni idadi na "nairobi" ni mahali pa kupelekewa. Nilipiga picha mbili, iliyofunguliwa na iliyofungwa, nikaandika chini yake kwa ukamilifu: mbuzi ya kukunja, ya kukunia nazi, tunatuma Nairobi.

Pasipo neno geni la kukusaidia, angalia kipimo. "Kaa lamu wiki" anataka nyumba ya kupanga. "Kaa lamu kilo" anataka kitoweo. "Paa lamu futi" anaulizia makuti, wala hawindi mnyama.

Majina ya mahali nayo yana vituko vyake. Pate kwetu ni kisiwa chenye magofu ya kale. Kwa Wafaransa neno linalofanana nalo ni chakula cha maini yaliyosagwa, kwa hiyo usishangae mapishi yakijichanganya na magofu. Na ukiona "boti malindi dar tiketi", huyo si wa Malindi ya jirani zetu. Malindi yake ni ile ya Unguja, bandarini. Neno "dar" ndilo linalomtaja.

Kuna na yale yaliyopita kwenye mashine ya tafsiri. Mwanzoni nilipoona "nakshi bora karibu nami" nilidhani ni ukarimu wa mtu wa pwani. Kumbe ni Kiingereza kilichogeuzwa neno kwa neno, maana yake ni duka lililo jirani na alipo. Nijuavyo mimi, hakuna mswahili aliyewahi kusema hivyo kwa kinywa chake. Yasome kwa kuyarudisha yalikotoka.

Mengine hayana mtu nyuma yake kabisa. "Mlango nafuu lamu mlango bora lamu mlango nakshi lamu bei nafuu." Hayo hutengenezwa na programu inayobadilisha jina la mji tu. Kuyajua ni rahisi: toa neno lamu, chukua kipande kimoja kilichobaki, kama "mlango nafuu", kitie ndani ya alama za kunukuu, kisha kitafute. Kikikutokea kikiwa kimegandishwa kwenye Kisumu, Arusha na Mwanza, achana nacho. Ni mabaki ya zama ambazo watu walirundika maneno kwenye kurasa ili watokee juu. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba yale maneno muhimu yanayofichwa ndani ya ukurasa haiyatumii kupanga matokeo, na mwaka 2011 ikaanza kuzishusha kurasa hafifu, lakini mazoea yana tabu. Mimi mwenyewe niliwahi kumlipa kijana anijazie maneno hayo. Sikupata mteja hata mmoja.

Yasiyofunguka nayaandika kwenye daftari. Lipo moja lililokaa humo tangu Ramadhani: "mlango lamu bila nyumba". Juzi ami aliliona, akacheka. "Huyo ataka mlango wa kale, uliobanduliwa kwenye gofu. Sisi twatengeza mipya." Nikalifuta.