Mkanda ukisimama, angalia chokaa kwanza

Kwenye uchenjuaji wa dhahabu kwa lundo (mbale hurundikwa, kisha hunyunyiziwa maji yenye sianidi inayoyeyusha dhahabu), chokaa humwagwa juu ya mbale zikiwa bado kwenye mkanda unaozipeleka lundoni, kiasi kikifuata mzani wa mkanda. Mkanda ukisimama kisha ukawashwa tena, mlisho wa chokaa ukichelewa kidogo tu, tani kadhaa hupita bila kitu. Sehemu hiyo ya lundo pH (kipimo cha asidi na alkali, ambacho chokaa hukipandisha) hushuka. Ikiwa chini ya 9.2 hivi, zaidi ya nusu ya sianidi huwa katika hali inayotoka kama gesi: dhahabu haiyeyuki vizuri, na gesi yenyewe inaua. Lenga 10.5.

Mlisho uendeshwe na kipima mwendo kilichofungwa kwenye puli ya mkiani (gurudumu la mwisho wa nyuma, linalozungushwa na mkanda wenyewe), si mota ya mkanda. Mkanda ukiteleza, mota huzunguka vilevile na chokaa inamwagika mahali pamoja.

Halafu kikwaruzo, kinachokwangua tope lililonata kwenye mkanda. Ubapa wake ukilika, tope laini linagandia rola zinazobeba mkanda ukirudi chini na mkanda unaanza kwenda upande. Tope lililodondoka chini msilirushe lundoni kwa koleo (wengi hufanya hivyo!), litaziba njia za maji. Lirudisheni kwenye pipa la kuchanganyia saruji, ambamo chembe laini hushikanishwa kuwa madonge.