Kuku wako amebaki peke yake? Soma hii kabla hujamletea wenzake

Habari zenu wafugaji. Hii nawaandikia wenzangu tunaofuga uani, kuku watatu wanne wa kula makoko ya ugali na kutuachia mayai mawili ya asubuhi. Nyie wa mabanda ya kuku elfu moja mna wataalamu wenu, piteni tu.

Mwaka jana nilibaki na tetea mmoja, kishingo, wale wa shingo tupu. Wenzake wawili walibebwa na kicheche usiku mmoja na kosa ni langu, komeo sikufunga. Sasa kuku akibaki peke yake anabadilika bwana, huyu wangu akawa analia mchana kutwa, ananifuata mpaka jikoni, nikikaa kwenye ngazi kupembua mchele naye anakaa pembeni kama tunapiga stori. Huruma ikanishika, Jumapili nikaenda sokoni nikachagua tetea watatu wazuri, nikawabeba kwenye tenga, nimefika nikafungua mlango wa banda nikawaingiza nikaenda zangu kuoga. Sijamaliza hata kujipaka sabuni nasikia kelele! Natoka na kanga, nakuta mmoja amejibanza konani kichwa amekichomeka chini ya sinia la chakula, upanga umechanika, damu mpaka ukutani, na kishingo wangu mpole wa jikoni ndo yuko juu ya mgongo wa mwenzie anang'oa manyoya.

Na hapo bado. Siku ya sita mmoja wa wale wageni akaamka uso umevimba, jicho limefunga, anatoa kamasi linanuka. Mafua. Wiki iliyofuata na kishingo naye. Kuna ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone, kwa kuku mgeni anakuja na mwenyeji anakufa.

Kwaiyo nilichojifunza kwa hasara ndo hiki.

Kwanza kabisa jiulize huyo aliyebaki amebaki kwa nini. Kama wenzake wameliwa na kicheche au wamechinjwa sikukuu, sawa, endelea kusoma. Ila kama wamekufa kwa ugonjwa simama hapo hapo usinunue kuku. Kama ilikuwa kideri (wengine tunaita mdondo), ile ya kinyesi cha kijani, shingo kupinda na mabawa kulegea, toa maranda yote ufukie au uchome, sugua banda kwa sabuni, pulizia dawa ya kuua vijidudu, liache lipigwe jua, na usiingize kuku mgeni kabla ya mwezi kuisha. Kama ilikuwa mafua makali ndo kazi zaidi, maana kuku aliyepona mafua anaonekana mzima kabisa, anakula anataga, lakini mdudu bado anao na atawaambukiza wote utakaoleta. Hapo ushauri wangu utawaudhi wapenda kuku: ama ukae naye hivohivo peke yake mpaka mwisho wake, ama umalize naye usafishe uanze upya. Mi wangu nilimaliza, nikaanza upya na kishingo mwingine niliyepewa na shangazi yangu, naye wa kunifuata jikoni vilevile, ndo huyo nitakayemsema huko chini.

Haya, kununua. Usilete mmoja. Ukileta mmoja, hasira zote za mwenyeji zinamwishia yeye, ukileta wawili au watatu waliokua pamoja wanagawana kipigo na wana pa kukimbilia, yani wenyewe kwa wenyewe. Wawe na umbo karibu sawa na wa kwako. Vifaranga wa wiki sita usithubutu, subiri wakue. Na kuchi usimchanganye na hawa kuku wetu wa kawaida, yule damu yake ni ya ugomvi, hata kwa umbo tu atawaonea.

Mnunue kwa mtu ambaye banda lake unaweza kuingia ukaliona. Sokoni kuku wametoka vijiji kumi wamelala tenga moja, hapo umenunua kuku na kila alichopumua jirani yake. Kabla ya kutoa hela mshike, angalia macho yawe makavu, tundu za pua ziwe safi, nyuma kusiwe kumegandiana kinyesi, funua manyoya chini ya bawa na karibu na mkundu utafute chawa na utitiri, pembeni mwa macho utafute vile viroboto vyeusi vinavyong'ang'ania, na miguuni magamba yawe yamelala. Magamba yakiwa yamenyanyuka kama ukoko, huo ni ukurutu, unatibika kwa kupaka mafuta ya mgando kila siku chache mpaka yaachie lakini utibu kabla hajaingia bandani.

Mkifika nyumbani wageni wanakaa mbali mwezi mzima. Najua mtaani kwetu nyumba zimebanana, utasema mbali wapi, nenda upande wa pili wa nyumba, au omba kwa ndugu mwenye eneo na asiye na kuku. Ukishindwa kabisa mwezi, basi wiki mbili zisipungue, maana kideri kinaweza kujificha mpaka wiki mbili ndo kionekane. Kila asubuhi anza kumlisha mwenyeji, wageni wa mwisho, vyombo visichangiwe, ndala za kwa wageni ziwe zao na mikono unawa. Hiyo ya ndala watu wananicheka, wacheke tu.

Kipindi hichohicho ndo cha chanjo. Ya kideri ipo ya tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu, wachanje wote wageni na mwenyeji walau wiki mbili kabla ya kukutana ili ipate muda wa kushika. Chanjo sio dawa lakini, kuku ambaye tayari anaumwa haimponyi. Shida ni kwamba kichupa kina dozi nyingi sana kuliko kuku wetu watatu na kikishafunguliwa hakikai, kwaiyo ongea na majirani mchange, mnamwita afisa mifugo wa kata siku moja mtaa mzima unapata. Nyie wenye kuku wanaozurura mpaka jalalani ndo inawahusu zaidi, kuku wenu wanakutana na wa kila mtu.

Sasa tuje kwenye kukutanisha, hapa ndo watu wanadanganyana. Wengi watakwambia waingize usiku wakiwa wamelala, asubuhi wataamka wamezoeana. Usiku ni sahihi, kuku gizani haoni na hana nguvu ya kugombana, lakini asubuhi macho yakifunguka anaona wageni wamelala chumbani kwake, vita inaanza saa kumi na mbili na wewe bado uko kitandani.

Mi aliyenifungua akili ni bibi mmoja jirani yetu amefuga toka enzi. Nilienda kumwamkia nikamwambia bibi shikamoo, nina kuku mkorofi, nikamweleza yote. Akacheka akaniuliza, "Mjukuu wangu, mke mdogo unamleta kwenye chumba cha mke mkubwa?" Nikasema hapana bibi. "Basi. Mtoe mkubwa, panga vitu upya, waingie wote wageni."

Na ndo siri yenyewe. Kishingo anagombea nyumba, roho mbaya hana. Kuku wana ngazi yao, nani anamdonoa nani, nani anakula kwanza, kuna Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliwatazama kuku toka akiwa mtoto akaja kuandika habari za ngazi hiyo miaka ya 1920. Huyo wako alikuwa peke yake, ngazi yote yake, chombo chake, kona yake. Ukimhamisha ukabadilisha sura ya banda, anaanza na yeye kushangaa.

Nilivyofanya ni hivi. Mwezi ulipoisha nikaligawa banda katikati kwa wavu, wageni upande mmoja kishingo upande wa pili, wanaonana wanasikiana lakini mdomo haufiki. Vyombo vya chakula nikaviweka karibu na wavu pande zote mbili ili wale wakitazamana, siku za kwanza kishingo alikuwa anauvimbia wavu ananyanyua manyoya ya shingoni (hayo machache aliyonayo), siku ya tano akawa anakula tu hana habari. Wiki moja inatosha kwa wengi, wakiwa bado wanarukia wavu ongeza siku. Alafu nikamtoa kishingo nikamlaza siku tatu kwenye tenga kubwa barazani, wageni nikawafungulia banda zima. Nikahamisha vichanja upande mwingine, nikamwaga maranda mapya, nikaegesha mbao mbili na ndoo iliyopasuka ziwe vificho. Vificho viwe na kutokea pande mbili, kona iliyofunga ni mtego wa kupigiwa mtu.

Siku ya tatu saa mbili usiku nikambeba kishingo kimyakimya nikamweka kichanjani, mwisho wa mstari. Kila kuku apate kama sentimita 20 za kukaa, wasibanane. Na kesho yake niliamka saa kumi na moja na nusu, hii msiiruke jamani, nikawamwagia punje za mahindi huku na huku kila mtu awe na shughuli, fungu la mchicha nikalining'iniza kwa kamba usawa wa vichwa vyao. Vyombo vya chakula viwili, drinka (vyombo vya maji) mbili, zikae mbalimbali, kwa sababu mkorofi hawezi kulinda sehemu mbili kwa mpigo. Fanya siku ambayo huendi kazini.

Watadonoana, hilo lijue. Kudonoa mara moja kichwani, kukimbizana hatua tatu, kifua kwa kifua, acha waelewane. Unaingilia ikiwa mmoja anashikiliwa chini haachiwi, au anazuiwa kula na kunywa siku nzima, au damu imetoka. Damu usiichezee, kuku akiona doa jekundu anadonoa hapohapo na wenzake wanajiunga, wanaweza kumtoboa mtu wakamuua. Mtoe aliyeumia, msafishe kwa maji ya chumvi, mpake GV, ile rangi ya zambarau inaficha wekundu, akikauka mrudishe.

Ila mtu anayeendelea kuonea wenzie, mtoe yeye. Wengi wanamtoa anayeonewa, akirudi anakuwa mgeni upya anapigwa upya. Mkorofi akikaa jela siku mbili tatu akirudi anakuta ngazi imejipanga bila yeye. Kishingo alienda jela mara moja tu.

Kitu kingine watu hawaangalii ni chakula. Kama wageni bado hawajaanza kutaga usiwape chakula cha watagaji, kina chokaa nyingi, figo za kuku mchanga zinaumia. Wape wote cha kukuzia, alafu weka kikopo pembeni cha maganda ya mayai yaliyosagwa au chokaa ya mifugo, anayetaga atajichukulia mwenyewe.

Usishangae pia mayai yakikata. Kuhama na ugomvi vinawakatisha kutaga wiki mbili tatu, mi kishingo alikata kabisa na nikaanza kumwangalia kwa jicho la pilau. Kwangu wiki mbili ndo zilitosha kutulia, ngazi ikajipanga, na cha kuchekesha kishingo hayuko juu, juu yuko mgeni mmoja mwekundu mdogo ambaye siku ya kwanza alijificha nyuma ya ndoo. Nilijua mambo yameisha mchana mmoja nilipowakuta wote wanne wamejilaza shimo moja chini ya mpapai wanaoga vumbi, bawa la huyu juu ya mgongo wa yule. Jikoni kishingo haji tena, mchele napembua peke yangu.