Ukifika mahali usiku, utajuaje kama ni jiji

Nina miaka kumi na minane kwenye lori, Dar mpaka Tunduma, na kila utingo mpya huniuliza lile lile: "Mzee, hapa nako ni jiji?" Huwa namfundisha hivi.

Anza na karatasi. Ukiona barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, soma juu imeandikwa halmashauri gani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inatenganisha mji, manispaa na jiji, na hadhi hiyo hutolewa na serikali. Wingi wa maghorofa hauleti jina. Dodoma ilikuwa manispaa hadi 26 Aprili 2018 ilipotangazwa kuwa jiji. Dar inachanganya zaidi: tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni zimebaki manispaa. Kwa hiyo mtu wa Mbagala, iliyo Temeke, akikwambia anaishi jijini, usimbishie, ila barua yake itasema manispaa.

Kisha subiri usiku. Hapa ndipo mimi hupima.

Safari moja springi ilinikatikia Uyole, Mbeya, saa nane za usiku, baridi inauma mpaka kwenye meno. Sina ndugu Mbeya. Bodaboda akanipeleka Mwanjelwa, akagonga mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu akatoka fundi. Alilala chini ya lori na tochi mdomoni, akapima jani la springi kwa shubiri, akanituma nimshikie jeki. Mama mmoja alikuwa bado na chupa ya chai ya tangawizi na maandazi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Waliniuliza nimebeba tani ngapi.

Hicho ndicho kipimo changu: mgeni asiyejulikana na mtu anahudumiwa saa yoyote. Usidanganywe na mashamba ya mahindi unayoyapita ukiingia Uyole, mipaka ya jiji ni mipana. Na Tunduma, ambayo kisheria ni halmashauri ya mji, malori yamejaa mpakani na majiko ya mama lishe yanawaka hadi usiku wa manane. Kwa macho yangu imekaribia kuwa jiji kuliko jina lake linavyosema.

Muulize muuza duka kwao wapi, halafu wa duka la pili na la tatu. Wakiwa wa mikoa mitatu tofauti, hiyo ni dalili ya jiji, endelea na kipimo cha mwisho.

Mwisho pita sokoni saa kumi na mbili asubuhi, utazame kama taka za jana zimezolewa. Hili linaniuma kuliko yote, maana mitaro ikiziba mvua ikija ni watu wa mabondeni wanaoogelea na magodoro yao. Ukikuta rundo bado lipo, mtafute mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo, hata kama wewe ni mpita njia. Mimi nilifanya hivyo mara moja, na gari la taka lilifika kabla ya adhuhuri.