Pima macho ya mzazi wako nyumbani kwa karatasi ya vimraba

Bibi mmoja wa Tukuyu alikuja kliniki akimlaumu fundi kuwa kamwekea fremu ya mlango iliyopinda. Mjukuu wake alishaipima kwa timazi, iko wima. Kilichopinda ni alichokiona kwa jicho la kushoto. Miezi minne ilipita wakibishana juu ya mlango, na bado inaniuma.

Ule ulikuwa ugonjwa wa kuzorota kwa makula, unaowapata hasa waliovuka miaka 50. Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina, utando unaopokea mwanga nyuma ya jicho. Ndiyo tunayotumia kusoma, kutambua sura ya mtu na kuchambua mchele. Si mtoto wa jicho, na kubadilisha miwani hakuutibu.

1. Chora mraba wa sentimita 10 kila upande. Ugawe kwa mistari ya wima na ya mlalo, kila nusu sentimita. Weka nukta nyeusi katikati.

2. Mzee avae miwani yake ya kusomea. Siku ya ukungu tokeni barazani kwenye mwanga. Karatasi iwe sentimita 30 hivi kutoka usoni.

3. Afunike jicho moja kwa kiganja, bila kulibonyeza. Usiruke hatua hii hata kidogo: macho yote mawili yakiwa wazi, lililo zima huficha udhaifu wa mwenzake, na mzee ataapa kwamba anaona vizuri. Akazie nukta tu, huku wewe ukimuuliza taratibu: "Bibi, mistari imenyooka? Kuna vimraba vilivyofutika? Kuna doa?" Kisha jicho la pili.

4. Rudieni kila wiki.

Mistari ikianza kupinda, mpeleke kwa daktari wa macho ndani ya siku chache, hata kama chai inasubiri kuchumwa. Ugonjwa huu una aina mbili: ya majimaji na kavu. Katika aina ya majimaji, vijishipa dhaifu huota chini ya retina na kuvujisha damu na maji. Uoni wa katikati unaweza kupotea ndani ya wiki chache. Tiba yake ni sindano ya jichoni, kwa mfano ya dawa iitwayo bevasizumabu, baada ya kutiwa ganzi. Mwanzoni hurudiwa karibu kila mwezi. Aina kavu huenda polepole, na sindano hiyo haiisaidii. Sigara huzidisha hatari, aiache.

Nenda na karatasi, mahali palipopinda pamezungushiwa penseli. Mapokezi usiseme tu "haoni vizuri". Sema: "Mistari iliyonyooka anaiona imepinda, imeanza wiki hii."