Stockholm kwa miguu

Ukifika Stockholm, mji mkuu wa Sweden, usikimbilie tiketi ya basi la watalii. Kutoka stesheni kuu ya treni hadi Gamla Stan, mji mkongwe, ni mwendo mfupi tu. Humo achana na barabara ya Västerlånggatan, imejaa maduka ya zawadi za watalii; pita Prästgatan, iko sambamba nayo na imetulia. Tafuta kichochoro cha Mårten Trotzigs gränd: penye wembamba kabisa ni sentimita 90 (aliyezoea vichochoro vya Lamu hatashangaa). Kisha vuka Slussen, kivuko cha kuelekea kisiwa cha kusini, panda hadi Monteliusvägen, njia ya miguu ya mlimani, uitazame Stadshuset, jumba la halmashauri ya jiji, ng'ambo ya maji. Mandhari hayo ni bure. Viatu viwe vya soli bapa, njia nyingi ni za mawe. Desemba toka mapema, jua huzama kabla ya saa tisa alasiri.